Shilingi 500 ni zile zile, yuniti zinayeyuka. Nani hasa anapanga bei ya stima?

#1 MwanaMajengo
Salaam wanajukwaa wa Mombasa. Nataka jibu la mtu anayejua, si la mtu aliyesikia kwa kinyozi.
Nina risiti mbili za tokeni, yaani stima ya kulipia kabla, kwenye simu. Ya mwisho wa Machi: shilingi 500, yuniti 19 na pointi. Ya juzi Jumatatu: shilingi 500, yuniti 16 na pointi. Mita ni ile ile, feni zangu ni zile zile mbili, na moja haizunguki mpaka uisukume kwa kijiti cha mswaki. Redioni sikusikia bei mpya ikitangazwa. Kampuni ya Kenya Power ndiyo imepandisha? EPRA, wale wadhibiti wa kawi? Waziri? Au kuna mtu Nairobi huamka asubuhi akazungusha kidude?

#2 Sheikh_Tokeni
Ulinunua tarehe ngapi? Tarehe za mwanzo wa mwezi hupati kitu. Ngoja kumi na tano, tena ununue usiku watu wakilala.

#3 FundiMikindani
Sheikh, hayo ni ya zamani. Kulikuwa na ada ya kudumu ya shilingi 150 kwa mwezi, na tokeni ya kwanza ya mwezi ndiyo iliyokuwa ikiimeza. Iliondolewa Julai 2018. Tangu hapo nunua alfajiri, nunua magharibi, ni mamoja.
MwanaMajengo, tubandikie mistari yote ya ile risiti. Si jumla peke yake.

#4 Sheikh_Tokeni
Mimi nikinunua usiku napata nyingi. Basi.

#5 Hesabu_Tudor
Nimewahi kukaa na karatasi nikaichambua tokeni yangu mstari kwa mstari. Kuna bei ya msingi, hiyo ndiyo EPRA huipitisha kwa kipindi cha miaka mitatu, na iliyoanza 1 Aprili 2023 ndiyo hiyo watu waliyolilia. Juu yake kuna gharama ya mafuta, kisha marekebisho ya fedha za kigeni, ya mfumuko wa bei, tozo ya maji ya mabwawa, senti 8 kwa yuniti za EPRA wenyewe, asilimia 5 ya bei ya msingi kwa ajili ya kupeleka stima vijijini, halafu VAT asilimia 16.
Mstari wa mafuta na wa dola hubadilika kila mwezi, na hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Nani kati yetu hulisoma? Kwa hiyo bei yaweza kupanda bila ya mtu yeyote kusema imepanda. Punda hajanenepa, mizigo ndiyo inayoongezwa na kupunguzwa.

#6 DerevaTuktuk_Bamburi
Yaani nawalipa EPRA senti 8 ili wanipandishie bei. Sawa.

#7 BiBarafu_Kongowea
Nyinyi mnazungumza risiti, mimi nina friza mbili. Nauza barafu kwa wachuuzi wa samaki mwaka wa tisa sasa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 natia maji kwenye chupa za lita mbili nilizozikata shingo. Yakishika, naichovya chupa kwenye ndoo ya maji, natikisa mara moja, pande linatoka zima kama sabuni. Chupa 46 zaingia friza zote mbili, na wateja wangu waja saa kumi alfajiri.
Wiki iliyopita stima zilipotea saa nne usiku zikarudi saa nane. Nilipofungua, juu pamefanya ngozi, chini maji matupu. Mchuuzi mmoja alilibonyeza pande kwa kidole, kidole kikazama, akanitazama tu akaenda zake. Sasa niambieni, katika hiyo mistari yote ya Hesabu, upo mstari wa kunirudishia mimi?

#8 Hesabu_Tudor
Haupo, Bi.

#9 MzeeWaKipevu
Nimesoma. Mimi nilifanya kazi kwenye mitambo ya dizeli miaka mingi, nimestaafu, nitasema ninachokijua.
Tatizo lenu si EPRA wala si kampuni inayoleta waya mlangoni. Tatizo ni mikataba. Kiwanda cha kibinafsi cha stima hulipwa mara mbili. Kwanza hulipwa kwa kuwa tayari, yaani mitambo ipo, mafundi wapo, ukiitaka saa yoyote inawaka. Hiyo hulipwa hata kama mwezi mzima haikuwashwa. Pili hulipwa kwa yuniti ilizotoa. Ni kama kukodi dau likae gatini na nahodha wake. Ukisafiri utalipa nauli, usiposafiri utalipa lile kukaa. Na mafuta si yake nahodha, ni yako. Yakipanda bei, mstari wa mafuta kwenye tokeni unapanda, yeye hatoki jasho.
Mnasema wizi. Haya, lakini kumbukeni ilikuwaje. Miaka ya 90 mwishoni mabwawa yalikauka, nchi ikawa ya mgao, serikali haikuwa na pesa na wafadhili wamefunga mfuko. Atakayekuja na mtambo wake ndiye atakayeweka masharti. Hapa kwetu walitangulia Westmont 1997, mkataba wa miaka saba. Akaja Tsavo, megawati 74, miaka ishirini, ukaisha Septemba 2021. Rabai, megawati 90. Kipevu III ya megawati 120 ni ya KenGen, kampuni inayomilikiwa zaidi na serikali, si ya kibinafsi, msichanganye.
Na jambo moja watu wa bara hawalijui. Pwani tuko mwisho wa laini. Mvuke wa ardhini wa kuzalisha stima uko Olkaria, mabwawa yako mto Tana. Ikifika magharibi watu wamewasha kila kitu, hoteli zimewasha viyoyozi, nguvu ya stima huku mwisho hushuka. Mtambo wa dizeli ulio karibu ndio unaoishika isizame. Kwa hiyo ukisema zimwa dizeli zote kesho, bei itashuka kidogo na friza za Bi Barafu zitakufa kabisa.

#10 DerevaTuktuk_Bamburi
Shikamoo Mzee. Kumbe nawe ulikuwa ukilipwa kwa kukaa tayari 😂

#11 MzeeWaKipevu
Marahaba. Nililipwa kwa kukaa ndani ya kelele, kijana. Sikio hili la kulia halisikii mpaka leo.

#12 FundiMikindani
Mzee, kwa heshima, laini ipo. Ile ya Isinya, upande wa Nairobi, mpaka Mariakani huku Pwani, kilomita 482, ilijengwa kwa kilovolti 400. Kisingizio cha mwisho wa laini kilipaswa kwisha.

#13 MzeeWaKipevu
Ilijengwa kwa 400. Ilipowashwa 2017 iliendeshwa kwa 220, kwa sababu laini peke yake si kitu, wataka na kituo cha kuipokea. Ni kama kununua bomba la inchi nne ukalifunga kwenye bilula ya nusu inchi.

#14 Wakili_Tononoka
Nimechelewa, nilikuwa mahakamani. Swali la mwanzo lilikuwa nani anapanga, na naona mnalikwepa.
Kwa sheria ni hivi. Sera ni ya Waziri wa Kawi. Bei ni ya EPRA, iliyoundwa na Sheria ya Kawi ya 2019 kuchukua nafasi ya tume ya ERC ya 2006, ambayo nayo ilirithi bodi ya 1997. Kampuni inayosambaza hupeleka maombi na hesabu zake, EPRA huziangalia, huita wananchi watoe maoni, kisha huamua. Asiyeridhika anayo njia ya kwenda kwenye Baraza la Rufaa la Kawi na Petroli.
Hiyo ni karatasi. Sasa tazameni yuniti za bei nafuu za mtu wa chini zilivyocheza. Kabla ya katikati ya 2018, yuniti 50 za kwanza zilikuwa shilingi mbili na nusu. Julai 2018 mdhibiti akashusha mpaka wa bei nafuu hadi yuniti 10. Watu wakapiga kelele, Ikulu ikasikia, kabla mwaka haujaisha mpaka ukapandishwa hadi 100. Aprili 2023 ukashushwa hadi 30. Mara tatu ndani ya miaka mitano! Mabwawa hayakubadilika mara tatu. Mtambo wa Rabai haukubadilika mara tatu. Kwa hiyo Mzee, mikataba naikubali, lakini anayeamua ni nani kati yetu aubebe ule mzigo ni siasa.

#15 Hesabu_Tudor
Ongeza na 2021. Rais aliunda jopo likiongozwa na John Ngumi kuichunguza ile mikataba. Likasema ijadiliwe upya, na bei ishuke kwa asilimia 30 na zaidi. Januari 2022 ikashushwa 15. Nusu ya pili hatukuiona, na ile 15 nayo ikaondolewa mwisho wa 2022 baada ya serikali kubadilika.

#16 KijanaWaLikoni
Nilihudhuria kikao kimoja cha kutoa maoni kuhusu bei. Kilikuwa siku ya kazi, saa tatu asubuhi, nikavuka feri mapema nikidhani nitakosa kiti. Viti vilikuwa vimejaa hewa. Sisi wananchi hatukufika ishirini. Mstari wa mbele walikaa watu wa viwanda, kila mmoja na kabrasha, na wakili wake, na hesabu zimechapishwa kwa rangi. Mama mmoja wa mahamri akasimama akasema stima ni ghali. Akapigiwa makofi. Wakaandika "stima ni ghali". Yule wa kiwanda akasimama na ukurasa wa 14, jedwali la pili. Hapo ndipo nilipojua nani atasikizwa.

#17 BiBarafu_Kongowea
Na ndio maana viwanda vinapewa nusu bei usiku?

#18 Wakili_Tononoka
Viwanda vikubwa, ndiyo, walianza Desemba 2017. Hoja yao ni kwamba usiku mvuke wa Olkaria unatoka tu, hakuna wa kuutumia, bora uuzwe rahisi kuliko kumwagwa.

#19 BiBarafu_Kongowea
Friza zangu hazilali usiku. Kazi yote ya barafu ni ya usiku! Mimi si kiwanda kwa sababu sina geti?

#20 MpembaMtu
Naona ndugu zetu wa Mombasa mnahangaika na stima ambayo asili yake ni yetu 😄 Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alikuwa na jenereta yake Unguja 1875, taa zinawaka jumbani, nyinyi mkiwa na vibatari. Baadaye ndiyo mkauziwa chakavu.

#21 DerevaTuktuk_Bamburi
Na bado inatumika mpaka leo, ndiyo maana zinakatika.

#22 MwanaMajengo
Ni kweli hayo? Nilisikia aliyeileta ni yule Jeevanjee wa bustani ya Nairobi.

#23 MpembaMtu
Huyo huyo.

#24 Wakili_Tononoka
Siye. Mwenye bustani ni Alibhai Mulla Jeevanjee. Aliyeichukua ile jenereta 1908 na kuileta Mombasa ni Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa hapa hapa, kwa kampuni ya stima ya Mombasa. Mwaka 1922 ikaunganishwa na ile ya Nairobi, ndipo ikazaliwa East African Power and Lighting. Hiyo ndiyo iliyokuja kubadilishwa jina 1983 kuwa KPLC, yaani hii hii Kenya Power. Na Mpemba asichekee mbali, 1932 kampuni hiyo ya huku ikashika hisa nyingi za TANESCO, kampuni ya stima ya Tanganyika.

#25 MpembaMtu
TANESCO ni ya bara. Mimi wanihusu nini 😄

#26 MswahiliHouston
Naona baadhi yenu mnaelekea kusema dawa ni soko huru, kampuni nyingi zishindane. Mimi naishi Texas. Huku nachagua kampuni ya stima kama mnavyochagua laini ya simu, na siku za kawaida ni rahisi kweli. Februari 2021 ikaja baridi ya ajabu, mitambo ya gesi ikaganda, na bei ya jumla ikapandishwa mpaka kikomo chake, dola 9,000 kwa megawati-saa moja, yaani yuniti elfu moja. Hesabu atawafanyia: ni dola 9 kwa yuniti moja. Jirani yangu alikuwa kwenye mpango wa bei inayofuata soko, kwa siku chache akadaiwa zaidi ya kodi ya nyumba. Mimi nilikuwa kwenye bei ya kudumu, lakini stima sikuwa nazo, tulilala na makoti. Na gridi ya Texas imejitenga makusudi na za majirani ili wasidhibitiwe na serikali kuu. Hakuna wa kuiazima stima za kutosha.

#27 Hesabu_Tudor
Kwetu sheria ya 2019 iliufungua mlango wa wasambazaji wengine. Imepita miaka na mlangoni ni yule yule. Na kujitenga sisi hatukujitenga: Ethiopia tulianza kununua megawati 200 Novemba 2022, Uganda tumeungana nao tangu enzi za bwawa lao la Owen Falls, na Tanzania laini imewashwa Desemba 2024.

#28 NyaliSola
Nyinyi endeleeni. Mimi nimeweka paneli juu ya paa, mchana sinunui kitu.

#29 FundiMikindani
Na zile zinazobaki mchana wapeleka wapi?

#30 NyaliSola
Nimeomba mita ya kuhesabu pande mbili, kanuni zake zilitoka 2024. Ukiwapa yuniti moja unahesabiwa nusu. Yaani nawakopesha kilo ya sukari mchana, usiku wananirudishia nusu kilo na nasema ahsante. Ombi lenyewe bado naambiwa "linashughulikiwa".

#31 MzeeWaKipevu
Nusu ni haki. Waya, transfoma na mtambo unaokungoja usiku, nani anavilipia? Watu wa Nyali mkijitoa wote mkaweka paneli, gharama ya waya itawabakia watu wa Majengo.

#32 NyaliSola
Mzee, mimi nimepunguza mzigo saa za mchana, hamuoni faida?

#33 MzeeWaKipevu
Mzigo wetu mkubwa ni saa mbili usiku. Jua la saa mbili usiku ulitengeneze kwanza.

#34 KijanaWaLikoni
Mnasahau kitu. Wananchi nao hupanga. Makaa ya mawe ya Lamu, megawati 1,050, yalikuwa na leseni, na wawekezaji, na serikali nyuma yake. Watu wa Lamu wakaenda kwenye Baraza la Mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa. Uyombo kule Kilifi nao wakaikataa nyuklia mpaka wakapigwa mabomu ya machozi. Na mkataba wa Adani, kampuni ya India, na KETRACO, shirika la serikali la laini kubwa za stima, mahakama iliusimamisha Oktoba 2024, mwezi uliofuata Rais mwenyewe akaufuta bungeni.

#35 DerevaTuktuk_Bamburi
Hizo laini za Adani kwani kuna hata moja iliyokuwa inakuja huku?

#36 KijanaWaLikoni
Hapana 😅 lakini hoja ni hoja.

#37 FundiMikindani
Kukataa mmekataa vizuri. Lakini ukihesabu, Pwani imekataa makaa, imekataa nyuklia, na Rabai bado inachoma mafuta mazito kila magharibi. Sisemi walikosea, moshi wa Kipevu tunaujua sisi tulio Mikindani, nguo nyeupe hatuaniki upepo ukigeuka. Nasema gharama haikuondoka.
Tena mnaficha jambo lingine. Zaidi ya moja ya tano ya stima inayonunuliwa hupotea njiani, nyingine kwa waya mrefu na nyingine kwa mikono mirefu. EPRA huruhusu sehemu ya hasara hiyo iingizwe kwenye bei yetu. Mtaani kwetu kuna nguzo moja ukiitazama utadhani ni mnazi wenye makuti, waya za kila rangi. Mwenye mita analipia asiye na mita.

#38 DerevaTuktuk_Bamburi
Na fundi aliyezipanda ni nani? Tusiulizane sana 👀

#39 FundiMikindani
Nina cheti mimi, yakhe.

#40 Sheikh_Tokeni
Mbona hamjamtaja nyani? 2016 nchi nzima ilizima kwa sababu ya nyani. Huyo ndiye mpangaji wa sera.

#41 Wakili_Tononoka
Tumbili, si nyani. 7 Juni 2016, alianguka kwenye transfoma ya Gitaru, kituo cha stima ya maji. Transfoma ikajikata, mitambo mingine ikazidiwa, ikaanguka mmoja baada ya mwingine. Na alitoka mzima.

#42 BiBarafu_Kongowea
Yeye alitoka mzima, barafu zangu je.

#43 Hesabu_Tudor
MwanaMajengo umenyamaza. Nikuulize: hiyo mita ni yako peke yako?

#44 MwanaMajengo
Ni ya nyumba. Nyumba yetu ni ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, mita moja imetundikwa ukumbini juu ya mlango wa mamangu. Kila chumba hutoa chake, mimi ndiye ninayenunua. Kwani?

#45 Hesabu_Tudor
Basi nimepata. Mpaka wa 30 wa bei nafuu, na ule wa 100 unaofunga daraja la kati, unahesabiwa kwa mita, kwa wastani wa miezi mitatu. Wastani ukizidi 100 unahama daraja, na yuniti zote zinauzwa kwa bei ya juu, si zile za ziada tu. Nipe yuniti ulizonunua kila mwezi tangu Januari.

#46 BiBarafu_Kongowea
Subirini hapo. Yaani mtu aliye peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu, kutwa yuko kazini, anatumia 28, huyo ndiye maskini wa kusaidiwa. Na familia sita zilizobanana kwenye mita moja ndio matajiri?

#47 Hesabu_Tudor
Mita haijui kuhesabu vichwa, Bi.

#48 Wakili_Tononoka
Hili kwenye kile kikao cha Kijana wa Likoni lilisemwa?

#49 KijanaWaLikoni
Halikusemwa. Haki ya Mungu, hata mimi sikulifikiria.

#50 MwanaMajengo
Nimerudi, nimechimba jumbe za simu. Januari 93, Februari 97, Machi 121.

#51 Hesabu_Tudor
Jumla 311, gawanya kwa tatu, 103 na pointi. Hapo ndipo ulipovukia. Machi kulikuwa na nini?

#52 MwanaMajengo
Joto... na shemeji yangu alihamia chumba cha uani. Alikuja na friji kwenye mkokoteni. Ya zamani, ikiwaka taa ya ukumbini hupepesa.

#53 Sheikh_Tokeni
😂😂😂 Kumbe EPRA ni shemeji!

#54 MzeeWaKipevu
Raba ya mlango wa friji hiyo itazame. Tia noti katikati, funga mlango, uvute. Ikitoka bila ya kukwama, basi friji inapooza ukumbi mzima.

#55 MamaWawili_Mtopanga
Samahani nimeingia sasa hivi. Mimi mita ni yangu peke yangu, sina friji, sina shemeji, kila mwezi ni 40, 42, haizidi. Na mwezi huu za 500 zimepungua pia, si sana, kama yuniti moja na nusu. Hilo nalo mtasemaje?

#56 Hesabu_Tudor
Huo ni mstari wa mafuta.

#57 FundiMikindani
Au wa dola.

#58 MzeeWaKipevu
Au mabwawa yameshuka wakawasha dizeli zaidi. Tubandikie risiti, mwanangu, mistari yote.

#59 MamaWawili_Mtopanga
Nitaibandika nikichaji simu. Huku zimepotea tangu adhuhuri.

#60 MwanaMajengo
Nimetia noti kwenye mlango wa friji kama alivyosema Mzee. Imetoka yenyewe hata sijavuta. Sasa naombeni maneno ya kumwambia mke wangu kuhusu friji ya kakake, na yawe ya adabu.